Kilele na Ndugu Zake katika Kiingereza

Neno kilele hubeba mzigo mkubwa katika Kiswahili: kilele cha mlima, kilele cha mnazi, kilele cha sherehe, kilele cha msimu wa utalii na kilele cha hadithi vyote huitwa kwa jina hilo moja, na msikilizaji hutambua kutokana na muktadha kama kinachozungumzwa ni jiwe, siku au hisia. Yapo pia upeo, kipeo, ncha na utosi, lakini katika uandishi wa kila siku, hasa wa magazetini na maofisini, kilele ndicho kinachotawala. Kiingereza kilipita njia nyingine, kwa kuwa kilikopa kwa karne nyingi kutoka Kifaransa, Kilatini, Kigiriki na Kiarabu bila kuyatupa maneno kiliyokuwa nayo tangu awali, hata kikajikuta na “summit”, “peak”, “pinnacle”, “zenith”, “apogee”, “culmination”, “apex”, “climax” na “acme”, ambayo kamusi za lugha mbili, kwa ufinyu wa nafasi, huyafasiri karibu yote kwa neno lile lile. Mwandishi wa Afrika Mashariki anayeandaa ripoti, tasnifu au barua ya kumpendekeza mtu kazini kwa Kiingereza hukwama hapo, si kwa sababu hajui kwamba maneno hayo yana maana ya juu kabisa, bali kwa sababu hajaambiwa lipi hukaa wapi.

Tofauti yao haiko katika urefu, maana yote yanataja juu kabisa na hakuna lililo juu kuliko jingine. Iko katika yale ambayo kila neno linayasema chinichini kuhusu kilicho chini ya mahali hapo, kilicho kando yake na kinachofuata baada yake: kama pana njia iliyopandwa kwa jasho, kama upande wa pili pana mteremko, kama pana mistari inayokutana, au kama kinachozungumzwa si mahali hata kidogo bali ni wakati. Mambo hayo hayakuwekwa na walimu wa sarufi. Yalitoka katika vitu halisi ambavyo maneno hayo yalivitaja kwanza, na vitu hivyo bado vinaongoza matumizi ya leo, hata kwa Mwingereza ambaye hajawahi kusikia historia yake.

Milima ndiyo mahali pazuri pa kuanzia, na Afrika Mashariki ina mifano miwili iliyo bora. “Summit” limetokana na neno la Kilatini “summus”, lenye maana ya kilicho juu kuliko vyote, likapitia Kifaransa cha kale na kuingia katika Kiingereza karibu mwaka 1400. Kwa hiyo ni neno la cheo, na kwa kawaida mlima mmoja huhesabiwa kuwa na “summit” moja. “Peak” ni ndugu wa neno “pike”, lililokuwa jina la kitu chenye ncha kali, na kwa hiyo ni neno la umbo, ambalo mlima mmoja unaweza kuwa nalo mara nyingi kadiri ya ncha zake. Mlima Kenya una Batian, yenye mita 5,199, Nelion, yenye mita 5,188, na Lenana, yenye mita 4,985, zote zikiwa zimepewa majina ya viongozi wa kidini wa Wamaasai. Kila moja ya hizo ni “peak”, lakini “summit” ni Batian peke yake, ambako Halford Mackinder alifika tarehe 13 Septemba 1899 akiwa na waongozaji wawili wa milimani, César Ollier na Joseph Brocherel. Wageni wengi wanaoupanda mlima huo leo huishia Lenana, kwa kuwa hufikiwa kwa kutembea, ilhali Batian na Nelion hudai kamba na ujuzi wa kukwea miamba. Msafiri aliyesimama Lenana akaandika kwa Kiingereza kwamba amefika kwenye “peak” amesema kweli. Akiandika kwamba amefika kwenye “summit” ya Mlima Kenya amejiongezea zaidi ya mita mia mbili ambazo hakuzipanda.

Kilimanjaro huonyesha jambo hilo kwa upande wa pili. Mahali pa juu kabisa, penye mita 5,895, huitwa rasmi “Uhuru Peak”, jina lililochukua nafasi ya lile la Kaisari Wilhelm ambalo Hans Meyer alikuwa amelipachika mwaka 1889, lakini anayepaangalia kutoka Moshi haoni ncha yoyote, bali ukingo mpana wa kreta ya Kibo uliolala kama bega. Kwa umbo, anayelistahili zaidi neno “peak” ni Mawenzi, mwenye mita 5,149 na miamba iliyochongoka, ingawa cheo cha “summit” ni cha Kibo. Majina ya mahali hayafuati kanuni za maana kila wakati, na si vema kuyasahihisha. Inatosha kujua kwamba katika sentensi ya kawaida, mpandaji hulenga “summit” na mchoraji huchora “peak”.

Kutokana na tofauti hiyo, maneno hayo mawili yaliachana hata yalipoiacha milima. Ncha ina pande mbili, upande wa kupanda na upande wa kushuka, na ndiyo maana “peak” limekuwa neno la takwimu na grafu: matumizi ya umeme, idadi ya magari barabarani, wagonjwa wa malaria baada ya mvua za masika na bei ya mahindi kabla ya mavuno vyote huwa na “peak”, kwa sababu vyote hupanda na vyote hushuka. Mwanajiolojia wa Marekani, M. King Hubbert, alipotabiri mwaka 1956 kwamba uzalishaji wa mafuta ya petroli nchini mwake ungefika juu kabisa kati ya mwaka 1965 na 1970 kisha uanze kupungua, fikra hiyo ilikuja kujulikana duniani kwa jina la “peak oil”, na uzito wa jina hilo uko katika kushuka kunakofuata kuliko katika kupanda kulikotangulia. Hapo ndipo mwandishi mgeni wa lugha anapaswa kuwa mwangalifu kupita kiasi. Mkuu wa idara anayeandika barua ya kumsifu mfanyakazi, akasema kwamba kazi yake “has peaked”, ataeleweka kuwa anamtahadharisha mwajiri mpya kwamba siku nzuri za mtu huyo zimepita, na barua iliyoandikwa kwa upendo itamnyima mtu mkate wake.

“Summit” halina kivuli hicho. Katika siasa lilipata maisha mapya baada ya Winston Churchill, katika hotuba aliyoitoa Edinburgh mwezi Februari 1950, kutaka mazungumzo na Wasovieti yafanywe katika ngazi ya juu kabisa, akatumia neno hilo. Mkutano wa Geneva wa mwaka 1955 ukalieneza, na Kiswahili nacho kikapata mkutano wa kilele. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 unatumia neno hilo kama jina rasmi la chombo cha juu cha jumuiya hiyo, ambacho wajumbe wake ni wakuu wa nchi. Siku hizi hata kongamano la wauza simu huitwa “summit”, jambo linalopunguza nguvu ya neno, kwani maana yake ya kidiplomasia ni kwamba hakuna mwenye mamlaka zaidi anayesubiriwa nje ya chumba.

“Pinnacle” si mlima bali ni jengo. Asili yake ya mbali ni neno la Kilatini la unyoya au bawa, na katika makanisa ya mtindo wa Gothiki ya Uingereza na Ufaransa lilikuwa jina la mnara mdogo mwembamba uliowekwa juu ya nguzo za nje, ambao pamoja na kupendeza macho ulikuwa na kazi ya kuongeza uzito ili nguzo isisukumwe nje na paa la mawe. Wasomaji wa Biblia ya Kiingereza hulikuta katika sura ya nne ya Injili ya Mathayo, pale Yesu anapowekwa juu ya hekalu ili ajaribiwe, ambapo Kigiriki kina neno la bawa dogo na Biblia ya Kiswahili ya Muungano ina kinara, neno ambalo waandishi wa michezo nao wamelichukua kwa timu inayoongoza ligi. Sifa ya “pinnacle” ni wembamba. Pana nafasi ya mtu mmoja au wachache, na aliyepo hapo anaonekana na wote, kwa hiyo neno hilo hufaa kwa fani na kazi za maisha: mwanariadha aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki, mwanasayansi aliyepata tuzo ya Nobel. Halifai kwa joto la mchana wala kwa bei ya sukari.

Yapo maneno matatu yaliyoshuka kutoka angani, na la kwanza, “zenith”, lina ukoo na Kiswahili. Wanajimu wa Kiarabu waliiita nukta ya mbingu iliyo juu kabisa ya kichwa cha mtazamaji “samt ar-ra’s”, maana yake njia ya juu ya kichwa, na sehemu ya pili ya jina hilo ni ile ile iliyowapa Waswahili neno rasi, yaani kichwa cha nchi kavu kilichoingia baharini. Wanazuoni wa Ulaya waliotafsiri vitabu vya elimu ya nyota kwa Kilatini katika Zama za Kati waliliandika neno la kwanza tu, na inaaminika kwamba mnakili fulani aliisoma herufi ya “m” kama “n” na “i” zilizosongamana, “samt” likageuka “cenit”. Kosa hilo la jicho likaenea hadi Ufaransa na Uingereza, ambako Geoffrey Chaucer alilitumia katika kitabu chake kuhusu chombo cha kupimia nyota, mwishoni mwa karne ya 14. Wingi wa neno hilo hilo la Kiarabu ulizaa “azimuth”, linalotumiwa na wapima ardhi na mabaharia kwa pembe ya upande, na “nadir”, ambalo leo lina maana ya chini kabisa, lilikuwa kwa Kiarabu kitu kinachokabili “samt” kutoka upande wa pili wa dunia.

Jambo la ajabu ni kwamba jua la Uingereza halifiki kamwe katika nukta hiyo. London iko mbali na ikweta kiasi kwamba hata siku ndefu kuliko zote za mwezi Juni jua la saa sita mchana husimama kwenye nyuzi 62 hivi kutoka upeo wa macho, ilhali Dar es Salaam hulipata jua la utosi mara mbili kila mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu siku ya kumi ya Oktoba, ambapo mlingoti uliosimama wima huwa hauna kivuli. Waingereza walilipokea neno kama dhana ya kitabuni, na kwa hiyo likawa jepesi kuhamishiwa kwenye utukufu, umaarufu na dola. Kinachofika kwenye “zenith” hakikupanda kwa mikono na miguu, bali kilichukuliwa na mwendo wake, kama nyota, na kama nyota kitatua. Ndiyo sababu inafaa kusema kwamba Kilwa ilikuwa kwenye “zenith” yake karne ya 14, wakati biashara ya dhahabu ya Sofala ilipopitia mikononi mwa masultani wake na Ibn Battuta alipoutembelea mji huo mwaka 1331. Neno linabeba kuinuka kwa Kilwa na kufifia kwake kwa pamoja, bila kumlaumu yeyote kwa kufifia huko, jambo ambalo “peak”, lenye harufu ya grafu, halingelifanya kwa heshima inayostahili.

“Apogee” ni la Kigiriki na maana yake ni mbali na dunia. Wanafalaki hulitumia kwa mahali katika njia ya mwezi ambapo umbali wake na dunia hufikia karibu kilomita 405,000, na wavuvi wa pwani huona matokeo yake ingawa hawaliiti hivyo, kwani bamvua inayoangukia wakati mwezi uko mbali huwa na maji madogo kuliko ile inayoangukia wakati uko karibu. Kwa kuwa kitu kilicho kwenye “apogee” halisi huonekana kidogo na nguvu yake ya kuvuta hupungua, kulitumia neno hilo kwa ustawi wa dola ni safari ya mbali kutoka asili yake, lakini wanahistoria, hasa waliosoma Kifaransa, wamelizoea na hakuna wa kuwazuia. Kwa mwandishi wa kawaida, “zenith” linatosha.

“Culmination” lilitoka kwenye paa. “Culmen” kwa Kilatini ni mgongo wa paa, mahali pande mbili za makuti au vigae zinapokutana, na wanajimu walilifanya kitenzi cha nyota inayopita sehemu ya juu kabisa ya mzunguko wake wa usiku. Mgongo wa paa haujengwi mpaka kuta na nguzo ziwe zimesimama, na maana ya leo imeshikilia jambo hilo: “culmination” hudai historia ya kazi nyuma yake, na ndiyo maana hufuatwa karibu kila mara na kihusishi “of” na jina la jitihada fulani. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, huonyesha tofauti yake na jirani zake. Uhuru wenyewe ulikuwa “culmination” ya miaka ya kupanga na kuhutubia tangu TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954. Bendera ya Uingereza ilipoteremshwa na ya Tanganyika kupandishwa saa sita ya usiku, tukio hilo lilikuwa “climax” ya sherehe. Na Luteni Alexander Nyirenda, aliyeusimika Mwenge juu ya Kilimanjaro, alikuwa kwenye “summit”, kwa maana iliyo nyoofu kuliko zote.

“Apex” husumbua kwa sababu kamusi hulieleza kuwa juu, na mara nyingi haliko juu. Kwa Warumi lilikuwa kijiti cha mzeituni kilichochomekwa kwenye kofia ya makuhani fulani, na tangu hapo limebaki kuwa jina la mahali ambapo umbo linajikusanya likawa ncha. Daktari anayetafuta “apex” ya moyo huweka vidole chini ya ziwa la kushoto, katika nafasi ya tano kati ya mbavu, kwa kuwa moyo umelala na ncha yake imeelekea chini na kushoto, na hapo ndipo pigo lake hupapaswa vizuri. “Apex” ya pafu iko juu, nyuma ya mtulinga. Na “apex” ya jino ni ncha ya mzizi, ndani kabisa ya taya. Kwa hiyo neno hilo linahusu kukutana kwa mistari kabla ya kuhusu urefu, na linafaa popote penye muundo wa piramidi: simba ni “apex predator” kwa kuwa minyororo ya chakula ya mbugani huishia kwake, na vyama vya ushirika vya msingi vinapojiunga katika vyama vikuu, na vyama vikuu katika shirikisho, shirikisho hilo huitwa “apex body”. Ndugu yake wa hesabu, “vertex”, ni pembe yoyote ambapo mistari miwili au zaidi hukutana, lakini kwa wakunga ni utosi wa mtoto, na mtoto anayetangulia kwa utosi hutajwa kwa neno hilo katika kadi za kliniki.

“Climax” ni ngazi. Kigiriki kililitoa katika kitenzi chenye maana ya kuegemea au kuinama, na walimu wa balagha, yaani sanaa ya kusema kwa ufasaha, walilitumia kwa mpangilio wa maneno ambamo kila kishazi hushika neno la mwisho la kilichotangulia na kupanda nalo, kama mtu akisema: masomo yalimpa maarifa, maarifa yakampa kazi, kazi ikampa heshima, na heshima ikampa uongozi. Ngazi yote ndiyo iliyokuwa “climax”, si kidato cha juu peke yake. Maana ya kidato cha juu ilienea mwishoni mwa karne ya 18, na wapo wasomi waliolalamika kwamba neno limeharibiwa. Gustav Freytag, mwandishi wa Kijerumani aliyechora muundo wa tamthilia kama piramidi mwaka 1863, aliweka kilele katikati ya mchezo, na si karibu na pazia la mwisho kama wanafunzi wengi wa fasihi wanavyokariri. Mwanaikolojia wa Marekani, Frederic Clements, naye mwaka 1916 alilipa neno hilo maana ya uoto uliokomaa, kama vile msitu, ambao hali ya hewa isipobadilika utabaki ulivyo. Lakini katika Kiingereza cha kila siku “climax” ni la hisia iliyopandishwa hatua kwa hatua, na mvua kubwa iliyonyesha ghafla haiwezi kuitwa hivyo hata ingevunja daraja. Kitenzi kile kile cha kuinama kilizaa pia “climate”, kwa kuwa Wagiriki waliigawa dunia kwa mwinamo wake kuelekea jua, na ndugu hao wawili hugongana katika vivumishi: “climactic” ni cha kilele na “climatic” ni cha hali ya hewa. Ripoti za mabadiliko ya tabianchi huvichanganya mara kwa mara, na kikagua tahajia cha kompyuta hakisemi kitu kwa sababu yote mawili ni maneno halali.

“Acme” ndilo adimu kuliko yote na lenye masharti mengi. Kwa Kigiriki ni makali ya kitu, kisha siku za mtu zilizo bora, na Apollodorus wa Athene, aliyetunga tarehe za watu mashuhuri katika karne ya pili kabla ya Kristo, alihesabu kwamba mtu hufikia “acme” yake akiwa na umri wa miaka arobaini, kwa hiyo asiyejulikana mwaka wake wa kuzaliwa alipangiwa mmoja kwa kurudi nyuma miaka arobaini kutoka tukio lake kubwa. Waganga wa kale walilitumia kwa hatua ambapo homa iko kali kuliko siku zote. Leo limebaki kwa ubora na ukamilifu tu, kwa ladha, ustadi, adabu na ufundi, na mtu anayeandika “acme of perfection” amesema jambo moja mara mbili. Wafanyabiashara walilipenda mno, kwa kuwa husifu bidhaa na huanza kwa herufi ya kwanza ya orodha za majina: kiwanda cha Joseph Hudson huko Birmingham kimekuwa kikitengeneza filimbi zenye jina hilo tangu karne ya 19, nazo hupulizwa na waamuzi wa soka duniani kote, na filamu za katuni za Marekani zikaligeuza kuwa chapa ya vifaa vinavyolipuka mikononi mwa mnunuzi. Msomaji wa Kiingereza wa leo huenda akakumbuka katuni kabla ya Athene, kwa hiyo neno hilo litumike pale tu ambapo sentensi nzima ina utulivu wa kulibeba, likifuatwa na jina la sifa, na kamwe lisifuatwe na jina la mlima, mwezi au bei.